Mstari Mmoja ni Nini? Swali Linalokosekana Katika Somo la Kanzidata

Chukua kaya tatu za kijiji kimoja. Ya kwanza ina watu 2 na kipato cha shilingi 200,000 kwa mwezi; ya pili ina watu 3 na kipato cha 300,000; ya tatu ina watu 10 na kipato cha 1,000,000. Wastani wa kipato cha kaya ni shilingi 500,000, hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaimaliza kwa kalamu. Sasa mpe mwanafunzi wa chuo anayesomea uchambuzi wa data jedwali la kaya na jedwali la wanakaya. Mwambie ayaunganishe kwanza ili apate umri na jinsia za watu, kisha akutafutie wastani uleule. Usishangae akikuletea 753,333. Kompyuta haitalalamika, na msimbo wake hautakuwa na kosa hata la herufi moja. Kilichotokea ni kwamba baada ya kuunganisha, kaya ya watu 2 imeandikwa mara 2 na kaya ya watu 10 imeandikwa mara 10, na hiyo yenye watu wengi ndiyo yenye pesa nyingi.

Namba hiyo ya pili ina ukweli wake. Ni jibu la swali jingine: ukimchagua mwanakijiji mmoja kwa bahati nasibu, kaya anayoishi ina kipato gani kwa wastani? Anayejua kutofautisha maswali hayo mawili anaweza kukabidhiwa ripoti ya wizara. Asiyejua ni hatari, hata kama amehitimu kwa alama za juu na anaandika SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, usingizini. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo moyo wa somo la kanzidata kwa wachambuzi: kila unapotazama jedwali, ujue mstari mmoja unasimama badala ya kitu gani. Ni kaya? Mtu? Ziara moja ya kliniki? Muamala?

Mitaala mingi haijengwi juu ya swali hilo. Somo la kanzidata limeazimwa zimazima kutoka idara ya sayansi ya kompyuta, ambako lilitungwa kwa ajili ya watu watakaojenga mifumo. Ndiyo maana muhula unajaa michoro ya huluki na uhusiano wake, hatua za kugawa majedwali hadi ile ya nne na ya tano, faharasa zinavyopangwa kwenye diski, na namna ya kufunga mistari ili miamala miwili isigongane. Kisha, wiki mbili za mwisho, wakati wanafunzi wameshaanza kutafuta karatasi za mitihani iliyopita, zinaletwa kanzidata zisizo za kimahusiano (NoSQL), yaani zisizopanga data kwa majedwali yanayounganishwa, kwa mtindo wa watalii ndani ya basi: kulia kwenu MongoDB, ya nyaraka, kushoto Redis, ya ufunguo na thamani, mbele Cassandra, ya safu pana, kule mbali Neo4j, ya grafu. Mwanafunzi anashuka na orodha ya tofauti, upande huu "ina muundo", upande ule "haina muundo", anaikariri kwa ajili ya swali la mtihani linaloanza na "Taja tofauti tano".

Hilo la "haina muundo" ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linampotosha mchambuzi kuliko mtu mwingine yeyote. Muundo upo siku zote. Katika jedwali unalindwa mlangoni: safu ya umri ikiwa ni ya namba, anayeandika "miaka ishirini" anarudishwa. Katika waraka wa JSON, maandishi yanayopanga taarifa kwa jozi za ufunguo (jina) na thamani, mlango uko wazi, kila mtu anaingia na alichonacho, na anayekuja kupambana na fujo hiyo ni msomaji. Msomaji huyo ni mchambuzi. Uhuru aliopewa mwandishi wa programu mwezi Januari ndio mzigo wa mchambuzi mwezi Juni.

Mfano wa kufundishia hilo upo karibu nasi. Mashirika mengi yanayokusanya takwimu vijijini Afrika Mashariki na Kongo hutumia KoboToolbox. Mdadisi anajaza dodoso kwenye simu au kishikwambi, na kila dodoso lililojazwa linatumwa kama waraka mmoja. Sehemu inayorudiwa, kwa mfano orodha ya wanakaya, inakaa ndani ya waraka wa kaya kama orodha ndani ya kitu. Ukiomba data hizohizo katika Excel unapewa karatasi mbili, moja ya kaya na nyingine ya wanakaya, zimeunganishwa kwa safu iitwayo _parent_index inayoonyesha mtu huyu ni wa kaya ipi. Yaani data zilezile, zilizokusanywa siku ileile, ziko mbele ya mwanafunzi katika sura zote mbili. Sioni kwa nini tumpeleke kwenye mifano ya duka la mtandaoni la Seattle.

Ndani ya faili hilo kuna mafunzo ya muhula mzima. Swali la kuchagua majibu mengi, tuseme "Maji ya kunywa mnayapata wapi?", huhifadhiwa kama maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi ndani ya chumba kimoja: "kisima bomba mto". Kanuni ya kwanza kabisa ya kupanga majedwali inakataza jambo hilo, na mwanafunzi anaweza kuikariri mwaka mzima bila kuona sababu. Mwache ahesabu kaya zinazotumia bomba kwa kutafuta neno "bomba", kisha agundue kwamba amezihesabu pia zilizojibu "bomba_jirani". Kanuni itamkaa. Halafu mpe kaya yenye orodha mbili, watu 4 na aina 3 za mifugo, umwambie aitandaze yote katika jedwali moja. Atapata mistari 12, kila mtu akiwa amefungwa na kila mnyama, ng'ombe wamehesabiwa mara nne na watoto mara tatu. Hapo ataelewa, bila kuhubiriwa, kwa nini mambo mawili yasiyohusiana hayakai katika jedwali moja.

Historia ingesaidia hapa, kama ingefundishwa kwa ajili ya hoja zake. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha pendekezo la kuhifadhi data kwa uhusiano, ambao kwa macho ya kawaida ni majedwali. Alikuwa akibishana na mifumo ya wakati wake, iliyomlazimu mwandishi wa programu kujua njia ya kuifikia data kabla hajauliza lolote. Mfano mkubwa ulikuwa IMS, mfumo wa IBM uliozaliwa kutokana na kazi za safari za Apollo: data zilipangwa kama mti, kitu kikubwa juu na vipande vyake chini. Ukishuka kutoka juu, mambo yanakwenda. Ukitaka kuanzia chini, au pembeni, unahangaika. Codd alitaka swali lisitegemee mpangilio wa ghala. Miaka minne baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wote wa IBM, wakaleta lugha ya kuulizia ambayo leo tunaiita SQL.

Waraka wa JSON wenye orodha ndani ya orodha ni mti uleule umerudi. Sisemi hivyo kuudharau. Waraka umechagua mapema swali moja la kulijibu haraka: "nipe kaya hii na kila kilichomo." Kwa programu ya simu inayoonyesha ukurasa wa kaya moja, hilo ndilo swali lenyewe. Lakini mchambuzi anakuja na la kwake: "nipe wasichana wote wa miaka 10 hadi 14 wasiosoma, popote walipo." Sasa itabidi kila waraka ufunguliwe. Mwanafunzi akiuona waraka kama uamuzi ambao mtu aliufanya kwa ajili ya swali fulani, hatapoteza muda kuuliza ipi ni bora kati ya SQL na NoSQL. Atauliza huyu aliyeupanga alikuwa anatafuta nini.

Tena, waliozianzisha kanzidata hizi mpya walikuwa na shida mahususi sana. Google walieleza Bigtable mwaka 2006, Amazon wakaeleza Dynamo mwaka 2007. Amazon walitaka kikapu cha mteja kikubali bidhaa hata pale baadhi ya mashine zimezimika, hata kama matokeo yake ni nakala mbili za kikapu zitakazopatanishwa baadaye. Ni shida halali ya mhandisi anayelinda mtambo usiku. Mchambuzi anayeandaa ripoti ya robo mwaka hana shida hiyo, na ndiyo maana ningeitoa kwenye mtaala wake ile nadharia ya Eric Brewer kuhusu uthabiti, upatikanaji na kukatika kwa mtandao, inayofundishwa kwa mchoro wa pembetatu na kusahaulika kabla ya chakula cha mchana. Saa moja inatosha kumwambia kwamba nakala anayoisoma inaweza kuwa nyuma ya ile iliyo hai, na kwamba lazima aandike saa aliyochota data.

Na mipaka yenyewe imeshahama. PostgreSQL ilipokea aina ya data ya jsonb mwaka 2014, na sasa unaweza kuweka waraka mzima ndani ya safu na kuuliza kilichomo. MongoDB ikaleta namna ya kuunganisha makusanyo mawili mwaka 2015 na miamala inayogusa nyaraka nyingi mwaka 2018. Cassandra inaulizwa kwa lugha inayofanana na SQL kiasi kwamba mwanafunzi asiye makini hudhani ndiyo yenyewe. Tunawafundisha vijana vita ambavyo majeshi yake yameshaanza kuoana.

Kama ningelazimika kuchagua mfumo mmoja tu wa kuuchambua darasani, ningechagua DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ndio unaobeba takwimu za kawaida za afya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuusambaza nchi nzima, mwaka 2011. Mhitimu wa uchambuzi wa data katika ukanda huu akiingia sekta ya afya, atakutana nao tu.

Chini yake kuna PostgreSQL, kanzidata ya kimahusiano isiyo na shaka. Lakini tazama jedwali linalobeba takwimu zenyewe. Halina safu ya malaria, wala ya chanjo, wala ya wajawazito. Kila tarakimu iliyojazwa na kituo inapata mstari wake: kipengele gani, kipindi gani, kituo gani, mgawanyo gani wa umri au jinsia, na thamani, ambayo imehifadhiwa kama maandishi. Kwa mtu aliyekariri vitabu ni dhambi. Kwa wizara ni ukombozi, kwa sababu ugonjwa mpya ukizuka, ofisa anaongeza kipengele kwenye fomu bila mtu yeyote kugusa majedwali. Gharama inalipwa upande wa pili. Kuuliza maswali ya uchambuzi moja kwa moja kwenye jedwali hilo ni mateso, kwa hiyo mfumo hutengeneza majedwali mengine ya uchambuzi, kwa kawaida usiku, na dashibodi husoma hayo. Ndiyo sababu ofisa wa wilaya aliyerekebisha takwimu asubuhi huona dashibodi haijabadilika, akapiga simu kulalamika. Katika mfumo huu mmoja kuna jedwali safi, kuna mpangilio unaokaribia ule wa ufunguo na thamani, na kuna nakala iliyotandazwa kwa ajili ya msomaji. Mwanafunzi anauona uamuzi, sababu yake na bei yake, bila kuambiwa achague timu.

DHIS2 ina somo jingine, zito zaidi. Kwa mpangilio wa kawaida, sifuri haihifadhiwi, isipokuwa kipengele kimewekwa kihifadhi sifuri. Kituo kikiandika 0 kwenye sehemu ya vifo vya uzazi, mstari unaweza usiwepo kabisa. Kituo ambacho hakikujaza nacho hakina mstari. Tuseme vituo vitatu vina wagonjwa 10, 20 na 30, na cha nne hakina mstari. Wastani ni 20 au 15? SQL itakupa 20 bila kusita, kwa kuwa kisichokuwapo hakihesabiwi. Kama kituo cha nne kiliripoti sifuri, umeongeza ugonjwa kwa theluthi nzima. Jibu haliko kwenye jedwali la wagonjwa, liko kwenye lile linaloonyesha nani alituma ripoti.

Hapa ningekaa wiki nzima. Ukosefu wa thamani ndio unaoharibu ripoti nyingi, na kila aina ya kanzidata ina namna yake ya kukosa. Katika SQL kuna NULL, alama ya thamani isiyokuwapo, yenye tabia zake: COUNT(*) inahesabu mstari wake, COUNT ya safu hiyo inauruka, na NULL moja tu ikijipenyeza ndani ya orodha ya NOT IN (ya kuchagua visivyomo) unarudishiwa jibu tupu. Katika waraka kuna kukosekana kwa aina tatu au zaidi: ufunguo haupo, ufunguo upo na thamani ni null, ufunguo upo na thamani ni maandishi matupu. Kwenye dodoso, ufunguo kutokuwepo mara nyingi kunamaanisha swali halikuulizwa kwa sababu mhojiwa aliruka sehemu hiyo: huwezi kumuuliza asiye na shamba amevuna magunia mangapi. Ukiitandaza data, vyote hivyo vinageuka kuwa chumba kitupu kimoja, na maana zake tofauti zimepotea. Kwa zana nyingi hilo linatokea kwa amri ya mstari mmoja, ndiyo maana ni rahisi kutoligundua.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Hakuna haja ya seva, wala akaunti za wingu zinazodai kadi ya benki, wala maabara iliyosimama kwa sababu intaneti ya chuo imekatika. SQLite, iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000, ni faili moja na imo ndani ya kila simu ya Android mikononi mwa wanafunzi. DuckDB, iliyotoka Amsterdam mwaka 2019, inasoma CSV na JSON moja kwa moja kwenye kompyuta ya kawaida na inaulizwa kwa SQL. Ukiwa na hizo mbili, flashi moja inatosha darasa zima.

Wenzangu wa sayansi ya kompyuta wananipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba nawafuga watu wa kubonyeza, wasiojua injini inavyofanya kazi. Nakubali nusu. Mchambuzi anapaswa kujua kwa nini swali lake linachukua dakika 40, na faharasa ni nini. Hahitaji kujua jinsi ya kuitengeneza. Ya pili, kwamba matangazo ya kazi yanataja MongoDB, Cassandra na nduguze, na mhitimu asiyezitaja hataitwa kwenye usaili. Hii ni nzito, na siwezi kuipuuza mbele ya kijana anayetafuta kazi. Ila kuipitisha bidhaa mbele ya macho yake kwa wiki mbili hakumfanyi aijue. Akishajua kufungua waraka na kuutandaza bila kuharibu hesabu, atajifunza lugha ya MongoDB kwa siku chache. Kinyume chake sijakiona kikitokea.

Kwa kanzidata za grafu, zinazohifadhi vitu na viungo kati yake, nina msimamo laini zaidi. Kuna kazi moja ambayo inaistahili kweli, nayo ni kufuata mnyororo wa miamala ya pesa za simu: namba hii ilituma kwa ile, ile ikagawa kwa tano, tano zikakutana tena kwa wakala mmoja. SQL inaweza, kwa maswali yanayojirejelea yaliyoingia kwenye viwango vyake mwaka 1999, lakini ukifika hatua ya nne macho yanauma. Mchambuzi wa benki au wa kampuni ya simu apewe wiki ya grafu. Wa kilimo asipewe.

Kikwazo kikubwa zaidi kinabaki kuwa mtihani. Ukiuliza "Taja tofauti tano", zitafundishwa tofauti tano, hata mtaala uandikwe na malaika. Mimi ningemwekea mwanafunzi waraka wa JSON uliochapishwa kwenye karatasi, wenye kaya chache, wanakaya na mashamba yao, pamoja na namba tatu zilizotoka kwenye data hizo. Kila namba ni wastani, kila moja ni tofauti. Aeleze kila namba inajibu swali gani, na ipi ameiona ikistahili kuingia kwenye ripoti kuhusu umaskini. Swali hilo halina majibu ya kunakili, na kusahihisha kunachukua muda, jambo ambalo mwenye darasa la watu 200 atalitaja kabla ya hoja nyingine yoyote. Ana haki.

Data za kutungia swali kama hilo zipo. Huhitaji kuomba taarifa za wagonjwa au wateja wa mtu, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zingekukataza kuzichezea darasani kiholela. Utafiti wa kitaifa wa kufuatilia kaya zilezile, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania kwa msaada wa Benki ya Dunia tangu awamu ya 2008/09, unapatikana bure kwa anayejisajili. Uganda nao wana wa kwao. Mafaili yamegawanywa: la kaya, la watu, la mashamba, la mazao ndani ya kila shamba, na kila moja linashikana na jingine kwa namba ya kaya. Ni kanzidata ya kimahusiano ambayo hakuna aliyeiita hivyo. Kuyageuza mafaili hayo kuwa nyaraka za JSON, kaya moja waraka mmoja, ni kazi ya mhadhiri ya jioni moja, na akimaliza ana sura zote mbili za data zilezile, zenye makosa halisi ya wadadisi halisi, kwa muhula mzima.